Ashwagandha, maka au jinsengi: unga upi wa mzizi, na kwa nani

Mjomba wangu wa Tandahimba alinipigia simu wiki moja baada ya malipo ya korosho. Tulimaliza shikamoo, habari za nyumbani na habari za salfa ya mikorosho iliyochelewa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya bati: "Sasa mjomba, ule unga wa mzizi wa Kihindi na ule wa Peru, upi una nguvu?" Kumbe kuna kijana alifika na begi nje ya ofisi ya chama cha msingi, akauza makopo yote aliyokuja nayo kabla ya adhuhuri.

Siku tatu baadaye dada yangu wa Lindi naye akaniandikia. Hapati usingizi. Saa nane usiku macho makavu, saa kumi na mbili yuko kwenye hesabu za watu. Rafiki yake anakunywa ashwagandha na anasinzia kama mtoto. Je, anunue?

Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kumjibu "sijui" ukakata simu, na dada akikosa jibu huja mwenyewe kulitafuta. Kwa hiyo niliyowaambia wote wawili nayaandika hapa kwa urefu, pamoja na niliyoyaona mwenyewe, maana mmoja wa mizizi hii niliunywa wiki nane nikiwa hapa Mtwara mjini, muhula wa kusahihisha mitihani ya kidato cha nne ya majaribio.

Niseme mapema nilipo: nikilazimishwa kuchagua mmoja kwa ajili ya mtu mzima mwenye afya, asiyemeza dawa yoyote, anayesumbuliwa na mawazo na usingizi, nachukua ashwagandha, kwa muda mfupi. Kwa mtu mwenye kidonge cha kila siku, iwe presha, sukari au tezi, sichagui wowote mpaka aliyemwandikia kidonge aseme neno.

Neno lililowaunganisha

Mizizi hii huuzwa chini ya jina moja, adaptojeni. Neno si la Kihindi wala la Kichina. Lilibuniwa 1947 na mwanasayansi wa Kisovieti, Nikolai Lazarev, katika kutafuta vitu vya kuusaidia mwili uhimili shida za kila aina: baridi, kazi nzito, kukesha. Wazo ni kwamba mmea wa namna hii haukuamshi kama kahawa wala haukuangushi kama kidonge cha usingizi, bali unausaidia mwili urudi mahali pake.

Wazo zuri. Tabu ni kwamba kitu kinachosemwa kufaa kila shida ni rahisi kumuuzia kila mtu. Yule kijana wa begi alimuuzia mjomba nguvu, jirani yake akamuuzia usingizi, mke wa jirani akamuuzia kupunguza tumbo. Makopo yalikuwa ya aina moja.

Ashwagandha

Huu ndio wa kukaa nao kidogo, kwa sababu ndio ulioenea na ndio uliochunguzwa zaidi kwa habari ya mawazo na usingizi.

Ni mmea wa jamii moja na nyanya, bilinganya na mnavu. Kitaalamu unaitwa Withania somnifera, na hilo neno la pili kwa Kilatini ni "chenye kuleta usingizi". Jina ashwagandha lenyewe ni Kisanskriti, maana yake harufu ya farasi. Mimi farasi sijawahi kumsogelea kiasi cha kumnusa, lakini nilipofungua kopo nilikumbuka zizi, kwa hiyo sibishani na Wahindi. Mmea huota pia porini huku Afrika, Tanzania ikiwemo, ila unga unaouzwa madukani unatoka India, hasa Madhya Pradesh na Rajasthan. Mkulima huko huvuna mzizi baada ya miezi 5 hadi 6 tangu kupanda. Shika hiyo namba, utaiona maana yake tukifika kwenye jinsengi.

Unafanya nini? Majaribio mengi yamefanywa kwa watu wenye msongo wa mawazo, wakipewa ama ashwagandha ama kidonge kisicho na kitu bila kujua ni kipi, kwa kawaida kwa wiki 8. Waliopewa ashwagandha kwa jumla walijisikia watulivu zaidi, na homoni ya kotisoli, ile ambayo mwili huimwaga ukiwa kwenye shida, ilishuka. Kwa usingizi, mapitio ya 2021 yalikusanya majaribio 5 yenye watu 400 na kukuta nafuu ndogo lakini ya kweli, hasa kwa wenye kukosa usingizi hasa, waliotumia miligramu 600 au zaidi za kiini (mzizi uliokamuliwa, nitaueleza mbele) kwa siku na kufikisha wiki 8. Tia mstari chini ya "ndogo". Anayekuambia utalala usiku wa kwanza anakuuzia kopo tu.

Mimi nilianza na unga wenyewe, kijiko cha chai kilichosawazishwa, asubuhi, kwenye uji wa ulezi. Lilikuwa kosa. Uji ulichacha mdomoni kwa uchungu, tumbo likaunguruma hadi saa nne, na kipindi cha tatu nikajikuta nimeegemea ubao mbele ya wanafunzi arobaini na kitu. Nikahamishia usiku, baada ya kula. Kule India huuchemsha na maziwa, wengine hutia samli na asali. Maziwa kwetu si ya kila siku, nikajaribu tui jepesi la nazi na sukari guru kidogo. Mama aliponiona alicheka, akauliza kama napika dawa au mchuzi wa kesho. Lakini lilishuka vizuri, na uchungu ulifichika.

Wiki mbili za kwanza sikuona kitu. Kati ya wiki ya nne na ya tano nilianza kulala bila kujigeuzageuza, na ile hasira ya kusahihisha, unayoijua kama umewahi kukuta jibu moja limenakiliwa na dawati zima, ikawa inapita upesi. Je, ni mzizi? Sina hakika ya kuapia. Wiki hizo hizo mitihani nayo ilikuwa inaelekea kwisha.

Sasa upande ambao kijana wa begi hautaji.

Mjamzito asiuguse. Unahofiwa kuharibu mimba. Anayetafuta mimba naye ajiweke kundi hilo, maana wiki za kwanza mtu huwa hajui. Anayenyonyesha aache pia.

Mwenye tezi ya shingo, ile thairoidi, akae mbali, kwa kuwa mzizi huu unaweza kuipandisha homoni yake. Anayemeza dawa za sukari au za presha yuko kwenye hatari ya vitu viwili kushusha kwa pamoja. Anayetumia dawa za kusinzisha au za kifafa atasinzia kupita kiasi. Aliyepandikizwa figo, au mwenye maradhi yanayotibiwa kwa kuupooza ulinzi wa mwili, asijaribu kabisa, kwa sababu ashwagandha inaelekea kuuamsha ulinzi huo.

Halafu kuna ini. Zimeripotiwa kesi, si nyingi lakini za kweli, za watu walioumia ini baada ya wiki kadhaa za kutumia: macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, mwili kuwasha. Wengi walipona walipoacha. Denmark iliupiga marufuku 2023 kwa hofu ya homoni na mimba, ingawa nchi nyingine nyingi bado zinauruhusu. Nami sikuwa na sababu ya kuunywa mwaka mzima. Majaribio mengi hayavuki miezi mitatu, kwa hiyo hapo ndipo ushahidi unapoishia, na mimi nikaishia nao.

Maka

Maka, ambayo kwenye kopo utaikuta imeandikwa maca, ni habari nyingine kabisa. Inafanana zaidi na figili: ni ya jamii ya kabichi na sukuma wiki, na watu wa milima ya Andes kule Peru huila kama chakula. Hulimwa kwenye uwanda wa Junín, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyepanda Kilimanjaro, ni kati ya kituo cha Horombo na kile cha Kibo. Chukua uwanda wetu wa Makonde, usimamishe mara nne na zaidi, ndipo uanze kupanda maka. Wakishavuna huianika nje kwa wiki kadhaa, ikapigwa jua mchana na baridi kali usiku, hadi ikakauka kama makopa. Huhifadhiwa, huchemshwa, hupikwa uji. Bibi yangu angeielewa mara moja.

Kwa kuwa ni chakula, ndiyo yenye makeke machache kati ya hii mitatu. Ladha yake si mbaya: kama karanga zilizoungua kidogo zikachanganywa na figili. Ukipata iliyopikwa kabla ya kusagwa tumbo litakushukuru, mbichi hujaza gesi.

Lakini inafanya nini? Hapa ndipo mjomba alipotega sikio. Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Peru, likachapishwa 2002. Wanaume walipewa gramu 1.5 au gramu 3 kwa siku kwa wiki 12, wengine wakapewa kidonge kitupu. Kufikia wiki ya 8 waliopewa maka walisema hamu ya tendo imeongezeka. Lakini testosteroni, homoni ya kiume ambayo kila tangazo linaapa kuwa maka inaipandisha, haikubadilika. Na hamu ni kitu kimoja, uwezo wa mwili ni kingine. Majaribio ya uwezo ni machache na madogo.

Kwa hiyo maka ninaiweka hivi: kama unataka kitu cha kutia kwenye uji, hakikusumbui, na umesikia tu mwili mzito, ni chaguo la upole. Kwa usingizi siioni. Kwa mawazo, ashwagandha inaishinda kwa mbali. Mwenye tezi ya shingo awe mwangalifu na maka pia, kwa sababu ile ile ya mboga za jamii ya kabichi zikiliwa kwa wingi katika mwili wenye upungufu wa madini joto.

Nguvu ya nusu saa

Nilimuuliza mjomba: "Hilo kopo uliloonja, ulihisi nini?" Akacheka kicheko cha aibu. "Mjomba, nusu saa tu."

Nilikaa chini.

Hakuna mzizi kati ya hii unaofanya kazi kwa nusu saa. Ashwagandha inataka wiki, maka inataka wiki. Kinachofanya kazi kwa nusu saa hadi saa moja ni sildenafili, dawa ile ya famasi, na kuchanganya sildenafili kwenye unga unaoitwa wa asili ni ujanja uliogunduliwa na wakaguzi wa dawa nchi nyingi, Marekani ikiwa mbele kwa kutangaza bidhaa moja baada ya nyingine. Mnunuzi anasifu mzizi, kumbe kamezeshwa kidonge kisicho na kipimo. Kwa kijana mzima pengine itampa kichwa kuuma na uso kuwaka. Kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaweza kuporomoka ghafla mpaka auawe nayo. Kwa mwenye dawa za presha, kama mjomba, ni kucheza na moto karibu na nyasi kavu.

Sikuwa na mashine ya kulipima kopo lile na simjui aliyelifunga. Najua tu kwamba kasi ile si ya mmea.

Kuna jambo la pili, na hili nilimwambia taratibu kwa sababu ya heshima. Mwanaume wa miaka sitini akianza kupungukiwa, mara nyingi si mzizi uliokosekana. Mishipa ya damu ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo kisukari na maradhi ya mishipa huweza kujitangaza pale kwanza. Na baadhi ya dawa za presha zenyewe hupunguza nguvu hizo, na daktari anaweza kubadilisha dawa akiambiwa. Akiambiwa. Wazee wetu wanamwambia muuza begi kwanza.

Jinsengi, kwa kifupi

Ya Korea na China. Nairudia ile namba: ashwagandha miezi 5 hadi 6, jinsengi nzuri ya Korea husubiriwa miaka 6 ardhini. Kwa hiyo ukiona kopo la jinsengi linauzwa kwa bei ya ashwagandha, jiulize aliyepanda kalipwa nini. Mwaka wa sita mzizi huchimbwa, ukipikwa kwa mvuke na kukaushwa unaitwa mwekundu, usipopikwa unaitwa mweupe.

Hutumiwa kwa uchovu, na wengi huona kweli wamechangamka. Ndiyo maana si wa mtu asiyelala: ukinywa jioni utahesabu mabati hadi alfajiri. Hushusha sukari, na hugombana na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa hapa Mtwara nimeiona zaidi kwenye vinywaji vya kopo vya kuchangamsha kuliko kama unga, na humo kazi kubwa inafanywa na kafeini na sukari. Sikuona sababu ya kumpendekezea mtu yeyote katika ukoo wetu.

Na vya nyumbani je?

Swali hili hunijia kila mara: kwa nini tuhangaike na India na Peru wakati porini kwetu mizizi imejaa?

Tangawizi kwanza. Si adaptojeni na haijidai kuwa, lakini kwa kichefuchefu imepimwa na imefaulu kuliko wengi wa hawa wageni wanavyofaulu kwa madai yao. Ile ya Same inafika sokoni mbichi, unajua unachonunua kwa kukitazama tu. Hakuna anayeghushi tangawizi nzima.

Mlonge watu huutaja pumzi moja na mizizi hii. Unga wa mlonge ni wa majani, na majani ni mboga nzuri. Mzizi wake ni jambo jingine, hasa ganda lake, lina sumu, na kwa mjamzito ni hatari. Nimeona mtu akiuza "unga wa mzizi wa mlonge" stendi, na anayenunua anadhani ni yale yale majani yaliyosagwa. Si yale.

Ming'oko, vile viazi vya porini vya huku Kusini, nayo imeanza kusemwa kuwa ni dawa, hasa na watu waliorudi kutoka Dar es Salaam. Ming'oko ni chakula. Chemsha, tia chumvi, kula na chai.

Dawa za mizizi za waganga wetu siwezi kuzilinganisha hapa, kwa sababu nyingi hazina jina la wazi wala kipimo kilichoandikwa, na mimi si tabibu. Zipo zinazofanya kazi. Lakini mwenye kuijua atakupa mwenyewe kwa mkono wake na kukuuliza unaumwa nini. Hazipimwi kwa kijiko cha kopo.

Unga au kiini

Hapa watu wengi huliwa pesa bila kujua. Unga ni mzizi uliokaushwa na kusagwa, basi. Kiini ni mzizi uliokamuliwa kwa maji au spiriti, ukabaki sehemu yenye nguvu, kisha ukatiwa kwenye kapsuli. Kipimo cha jadi cha unga wa ashwagandha ni gramu 3 hadi 6 kwa siku. Kiini kilichotumika kwenye majaribio mengi ni miligramu 240 hadi 600. Ukinunua unga ukanywa miligramu 600, yaani robo ya kijiko cha chai au pungufu, umekunywa harufu tu. Na ukinunua kiini cha unga ukatia kijiko kizima kwa kudhani ni mzizi uliosagwa, umejizidishia mara kadhaa.

Kwa bei nilizozikuta mimi: kopo la unga wa ashwagandha la gramu 100 lilikuwa shilingi 28,000. Kwa gramu 3 kwa siku ni siku 33, yaani karibu shilingi 850 kwa siku. Chupa ya kapsuli 60 za miligramu 300 nilitajiwa shilingi 60,000, kapsuli mbili kwa siku, mwezi mmoja, shilingi 2,000 kwa siku. Maka ya gramu 250 ilikuwa 45,000, na kwa gramu 3 inafika siku 83, shilingi 540 hivi. Unga ni nafuu, lakini kiini unajua umemeza nini, kama kibandiko hakidanganyi. Ningekuwa na pesa ningechukua kiini. Sikuwa nazo, nikachukua unga.

Kibandiko kisome kabla ya kulipa. Nataka kuona jina la kitaalamu la mmea, sehemu iliyotumika ni mzizi na si majani, uzito wa kila kipimo, namba ya toleo, tarehe ya kwisha, na jina la mtengenezaji lenye anwani. Kisha namba ya usajili. Dawa za famasi ni za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, vyakula ni vya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, na tiba asili ina Baraza lake la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililowekwa kwa sheria ya 2002. Muuzaji asiyejua bidhaa yake iko chini ya nani kati ya hao watatu, mimi humwambia nitarudi, na sirudi. Si ubishi mtupu: 2004 watafiti walipima bidhaa 70 za tiba ya Kihindi zilizokuwa zikiuzwa madukani eneo la Boston, Marekani, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Kama Boston iliuziwa, Mtwara itakuwaje.

Na hewa yetu hii ya chumvi. Unga ulioachwa wazi Shangani hapa Mtwara kwa wiki moja unashikana mabonge, na bonge ni mwanzo wa ukungu. Hamishia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kuzungusha, weka kabatini mbali na jiko, tumia kijiko kikavu. Ukiona rangi imegeuka au harufu ya chumba kilichofungwa, mwaga. Wa bara, Masasi na Nachingwea, mna nafuu kidogo kiangazi.

Walichochagua

Dada alichagua ashwagandha. Hana mimba wala hatafuti, hamezi dawa, hana historia ya ini. Alimuuliza kwanza mfamasia pale Lindi, akanunua kapsuli za miligramu 300, moja baada ya chakula cha jioni kwa wiki moja, kisha mbili. Nilimwomba aandike kwenye daftari saa anayopanda kitandani na saa anayokadiria kulala. Wiki ya sita alinitumia picha ya ukurasa: kutoka saa nane kasoro hadi saa tano na nusu. Nikafurahi, halafu nikaona chini kabisa kwa maandishi madogo: "Chai ya usiku niliacha tarehe 3." Chai ya rangi, vikombe viwili, saa mbili usiku, miaka kumi. Nimemwambia amalize wiki mbili zilizobaki, aache kapsuli na chai isirudi, tuone daftari litasema nini.

Mjomba hakuchagua wowote. Ilibidi mama aingilie, kwa sababu kaka mtu humsikiliza dada yake kuliko mpwa. Alikwenda kupima sukari na kumweleza daktari yote, nusu saa ile ikiwemo. Majibu ni yake, sitayaandika. Dawa ya presha imebadilishwa.

Aliuliza afanye nini na kopo, lilikuwa limebaki nusu. Asimpe jirani, nilimsihi, wala asilimwage penye kuku. Juzi nilipokwenda kumsalimia nililikuta dirishani, limeoshwa, limejaa misumari ya bati.